Lori Nililolipaka Sifa

Ni mimi niliyeiosha ile injini.

Nimelikana jambo hili miaka minne, kwa uso mkavu na kwa lugha mbili, Kiswahili na Kisomali, na mara moja kwa kuapa, ambalo ni shauri langu na Mola wangu. Kaka yangu aliponiuliza kama nimeligusa lori lake, nilimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Mimi na injini wapi na wapi?" nikasema. Nina shahada mbili, nafundisha watoto wa watu, na uongo wangu ulikuwa wa kitoto kuliko ule ninaowaadhibia wanafunzi.

Lakini si mimi ninayetaka kujiandika. Nataka kumwandika Fundi, ambaye uongo ule ulimwangukia yeye, na sikuweza kuanza kabla sijalitema hilo.

Kismayo ina mafundi wengi wa magari. Hata hivyo, mtu akisema "Fundi" bila kuongeza neno, tulijua anamtaja yule mzee mrefu mwenye karakana ya mabati kando ya njia ya bandarini. Jina analo. Sijawahi kulitumia, na nikilitumia leo atageuka nyuma kuangalia ni nani anayeitwa. Ukoo wake pia siutaji, kwa kuwa mwenyewe hakuutaja, na hilo katika mji wetu si jambo dogo. Hapa mtu hatakumiminia chai kabla hajamjua baba wa babu yako. Waliombana sana aliwajibu, "Mimi ni wa karakana," kisha akawarudishia swali: "Na wewe ni wa nini? Dizeli au petroli?" Nimewaona wazee wenye vilemba wakijibu bila kusita.

Kisomali alikisema kama mtu wa mjini. Kiswahili alijifunza kwa madereva, kwa hiyo kilikuwa na matusi madogo mahali ambapo sisi wa visiwani tungetia salamu. Siku ya kwanza nilimwita adeer, yaani baba mdogo, kama adabu ya Kisomali inavyotaka. Naye akaniita adeer. Mgeni angedhani ananicheza shere, lakini ndiyo desturi: mkubwa humrudishia mdogo neno lile lile. Basi tukabaki tunaitana hivyo miaka yote, adeer huku, adeer kule, na mtu wa pembeni asijue nani mkubwa wa nani.

Kazi yake ilianzia masikioni. Kabla hajafungua boneti alimtaka mwenye gari alie kama gari lake. Hakutaka kuelezwa, alitaka sauti. "Maelezo kampe mkeo," alikuwa akisema. "Mimi nililie." Nilimshuhudia mfanyabiashara mmoja wa sukari, mtu ambaye akipita madukani watu huinuka, amesimama katikati ya karakana na kanzu yake ya pasi akisema, "Bu-bu-bu-fyuu, bu-bu-bu-fyuu."

Fundi alikuwa amefumba macho. "Hiyo fyuu ni ndefu hivyo, au umeiongeza?"

"Ndefu hivyo, wallahi."

"Basi si gaskiti. Rudia, usione haya. Gari lako halioni haya."

Akishamsikia mwenye gari ndipo alipochukua bisibisi ndefu, akaiegemeza ncha yake kwenye injini na mpini wake kwenye sikio, akasogea nayo polepole kama daktari kifuani mwa mtoto. Kitu chochote kisichotakiwa ndani ya injini, yawe maji, mchanga au oili iliyopotea njia, alikiita mgeni. "Kuna mgeni silinda ya pili," alisema, kisha akamgeukia mwenye gari kwa sauti ya mpelelezi: "Nani kamleta?" Kwake ilikuwa lazima awepo aliyemleta. Hakuamini kwamba injini huugua bure.

Mungu aliyempa masikio yale alichukua pua. Tangu ujana wake alivuta petroli kwa mpira kutoka kwenye matangi, kwa mdomo, na harufu za dunia zikamtoka moja baada ya nyingine mpaka zikaisha. Mkewe alinisimulia kwamba siku moja alimwachia wali jikoni, ukaungua hadi jirani akaja mbio na ndoo ya maji, naye amekaa hapo hapo kando ya sufuria anasikiliza redio. Alipofokewa alijitetea kwamba aliusikia wali ukipasukapasuka, akadhani umefurahi.

Alikuwa mtu safi kupita kiasi. Kucha zake alizisugua kwa mchanga na ndimu, na macawiis yake, shuka wanayoivaa kiunoni wanaume wa huku, sikuiona na doa hata siku aliyolala chini ya lori. Lakini ukitaja kuosha injini alikuwa mkali. "Injini si sahani," alisema. "Uchafu wa nje ni nguo yake. Wewe umevua nguo mbele za watu?" Sikuwahi kumsikia akilisema hilo kabla ya siku niliyoiosha injini ile. Ningelisikia, makala haya yasingekuwepo.

Na aliiogopa bahari. Anakaa mahali ambapo mawimbi yanasikika kitandani, na hajawahi kutia mguu chomboni. Mjomba wangu wa Chovae aliharibikiwa na injini ya mashua, akamtumia ujumbe aje kisiwani, chakula kipo, kitanda kipo. Fundi akajibu kwamba mgonjwa ndiye anayepelekwa hospitali, si hospitali inayopelekwa kwa mgonjwa. Ikabidi injini ifunguliwe, ifungwe magunia, ipandishwe mashua nyingine na kuletwa Kismayo. Mjomba alifika akiwa amelowa mpaka kofia, akasimama mlangoni akamtazama Fundi anayekunywa chai.

"Huyu ni mchu gani," mjomba akaniuliza kwa Kibajuni chetu, kwa sauti ya kusikika, "akae pwani aogope maji?"

"Mwambie mjomba wako," Fundi akasema bila kuinua kichwa, "kwamba injini yake nayo iliyaogopa, ndiyo maana ikazima."

Wakawa marafiki tangu hapo. Mjomba ndiye aliyenipa chupa ya sifa, na hapo ndipo ninapolazimika kurudi kwenye kosa langu.

Kaka yangu alikwenda Kudhaa kwenye harusi, siku nne, akaniachia lori. Ni lori dogo la petroli, kuukuu, linalobeba barafu na samaki kutoka pwani hadi sokoni, na ndilo linalolisha nyumba yake. Siku mbili kabla ya safari Fundi alikuwa amelibadilishia sili ya distributa, kile kiringi cha mpira kinachozuia oili isipande mahali ambapo umeme wa plagi unagawanywa. Lori lilikuwa zima kabisa. Lilikuwa chafu tu: grisi, magamba ya samaki, chumvi, vumbi. Nikaona nimfurahishe kaka yangu.

Mimi ni mtoto wa Chovae. Nimekua nikimwona baba akiipandisha mashua, akaikwangua, akaisugua, akaiosha, kisha akaipaka sifa, yale mafuta ya ini la papa yanayozuia ubao usinywe maji. Kwetu kuosha bila kupaka si kuosha. Basi niliisugua injini kwa sabuni na brashi, nikaimwagia madumu manne ya maji, halafu nikachukua kitambaa na sifa ya mjomba. Nikapaka waya. Nikapaka mipira. Nikafika kwenye kifuniko cheusi chenye klipu mbili, nikakifungua kama kopo la biskuti, nikakipaka na ndani, kona kwa kona, kwa mapenzi, ili unyevu wa bahari usiingie. Nilikuwa naimba.

Nilisoma chuo kikuu Mombasa miaka mitano. Hakuna kozi iliyonifundisha kwamba gari si mashua, lakini hakuna pia iliyonikataza kuuliza.

Nilipoliwasha lilitetemeka kama mtu mwenye homa. Nikalizima, nikaliwasha tena, likatetemeka zaidi. Nikaiangalia ile injini inayong'aa, nikajua kaka akifungua boneti nimekwisha. Nikafanya jambo ambalo mpaka leo nalionea haya na kulionea fahari kwa pamoja: nilichota vumbi la uani nikairushia. Vumbi lilinasa kwenye sifa papo hapo, na kwa dakika chache injini ikawa imezeeka miaka kumi. Nadhani mimi ndiye mtu wa pekee pwani hii aliyeiosha injini na kuichafua asubuhi moja.

Kaka aliporudi tulikwenda kwa Fundi pamoja, yeye na mimi. Kaka akalia: "Tuk-tuk-pa, tuk-tuk-pa." Fundi akasikiliza, kisha akanigeukia.

"Na wewe umelisikia, adeer?"

"Nimelisikia."

"Lia."

Nikalia, mwalimu mzima, na mkoba wangu begani. Fundi akainamisha kichwa.

"Lako lina maji," akasema.

Akaanza kuchomoa waya za plagi moja moja injini ikiwa inanguruma. Alipochomoa ya kwanza mngurumo ulibadilika, na ya pili vile vile. Ya tatu hakuna kilichobadilika. "Huyu kafa," akasema. Akaizima, akachungulia plagi ya tatu, na kwenye shimo lake kulikuwa na maji yametulia kama kisimani.

"Mgeni. Nani kamleta?"

"Mvua," kaka akasema.

"Mvua gani? Mwezi wote haijanyesha."

"Labda umande," nikasema mimi.

Alinitazama. Nadhani angekuja kwenye ukweli, kwa kuwa umande haujazi kisima, lakini mikono yake ilikuwa imeshafika kwenye distributa. Alifungua kifuniko, akakigeuza juani, akaona utando wa mafuta. Uso wake ulibadilika. Maji akayasahau pale pale.

"Sili yangu," akasema kwa sauti ndogo. "Inavuja."

Mtu mwenye pua angejua mara moja kwamba ile si oili ya injini. Fundi hakuwa nayo. Kaka anayo, ila ni pua iliyobeba samaki miaka ishirini, na ndani ya lori lile harufu ya papa ndiyo harufu ya lori. Nilifungua mdomo. Nataka ijulikane kwamba niliufungua. Kisha nikaufunga.

Fundi alikausha maji, akafuta kifuniko, akatia sili nyingine, akakataa hata kupewa ahsante. Lori likaenda vizuri siku mbili, likaanza tena kutetemeka. Likarudi. Akafungua, akatafuta uvujaji, hakuuona, akabadilisha sili tena. Mara ya tatu lilizima njiani kutoka pwani, limejaa, jua la saa sita likiwa juu yake. Barafu ikayeyuka, samaki wakaharibika, na kaka akasimama pale pwani wanaposhushia samaki, mbele ya madereva wote, akasema maneno ambayo hayakurudi tena mdomoni: kwamba Fundi kazeeka, kwamba masikio yake yamekufa, kwamba alitia sili mbovu akashindwa kuisikia mara tatu.

Gereji mpya ya upande wa pili wa mji ilibadilisha kifuniko na waya kwa nusu saa. Ndani ya kifuniko cha zamani kulikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama wa penseli, mahali ambapo cheche ilizoea kukatiza juu ya sifa yangu. Fundi hakuuona kwa kuwa hakuutafuta. Alikuwa anatafuta kosa lake.

Madereva wakahamia kule, kwanza wawili watatu, kisha karibu wote. Nilijipa moyo kwamba hajali. Alikuwa bado anakunywa chai yake, redio inasema, nguo haina doa. Akaacha injini za petroli, akabaki na jenereta za dizeli na pampu za maji. Nilipomuuliza sababu alisema dizeli haina plagi, ina amani. Nikacheka, nikaenda zangu, na nilikuwa mwepesi wa kuamini.

Mwezi uliopita pampu ya nyumbani kwangu ilianza kukohoa. Nikaipakia kwenye mkokoteni nikampelekea. Nikajitayarisha kulia, koo nimeshalisafisha. Hakuniambia nilie. Aliiwasha, akachukua bisibisi yake, akaiweka pale, akafumba macho. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akanipa mpini wa bisibisi.

"Sikiliza wewe, adeer. Unasikia nini?"

"Mimi? Mimi nitasikia nini, adeer?"

"Mimi nasikia vali inagonga," akasema. "Lakini siku hizi siamui bila masikio mengine. Tangu lile lori la kaka yako, sikio langu nalisikia, ila silisadiki."

Nikaegemeza sikio kwenye mpini. Vali ilikuwa inagonga. Hata mimi niliisikia, mimi niliyesikia mashua ndani ya lori.

"Inagonga," nikasema.

"Alhamdulillahi," akasema, na furaha yake ilikuwa ya kweli kiasi kwamba nililazimika kukaa juu ya tairi.

"Adeer, lile lori niliharibu mimi."

Akaizima pampu. "Lori gani?"

"La kaka. Nililiosha injini. Halafu nikalipaka sifa."

"Ulilisifu?" Akakunja uso. "Kulisifu lori hakuliharibu. Hata mimi huwa nayasifu."

"Sikulisifu, nililipaka. Sifa ya mashua. Mafuta ya papa."

"Mafuta ya papa." Alilirudia kwa Kisomali, kisha kwa Kiswahili tena. "Uliipaka wapi?"

"Kila mahali."

"Na kwenye kifuniko?"

"Hasa kwenye kifuniko. Ndani. Na yale maji ya silinda ya tatu ni yangu, hayakuwa umande."

Nilitegemea hasira, na ilikuja, ila si pale nilipoitegemea. Alisimama, akazunguka karakana mzunguko mzima, akapiga bati kwa kiganja likalia eneo zima.

"Lina maji!" akasema. "Nilikwambia, lako lina maji! Nilisikia!"

"Ulisikia, adeer."

"Na sili?"

"Sili zako zote tatu zilikuwa nzima."

"Miaka minne!" akanifokea, na macho yake yanacheka. "Miaka minne namwomba mke wangu anisikilizie jenereta! Mwanamke hatofautishi jenereta na cherehani! Umesoma vitabu vyote vile, ukakosa kimoja cha kukwambia injini si sahani? Mpigie kaka yako."

"Nitamwambia jioni, nikifika nyum—"

"Sasa. Na nimsikie."

Nikapiga, nikaweka sauti ya nje. Kaka alipokea, na nyuma yake watu wanapigiana kelele na masanduku yanagongana.

"Haye, Mwalimu. Sema upesi, niko pwani."

"Kaka, ile injini ya lori niliiosha mimi, ulipokwenda Kudhaa. Nikaipaka sifa."

"Ukaipaka nini?"

"Sifa. Kama mashua. Fundi hakuwa na kosa lolote."

Nilidhani ananitafutia tusi. "Vumbi," akasema mwisho. "Nilijiuliza, vumbi lile lilinasaje namna ile." Kisha, kwa sauti nyingine kabisa: "Fundi yuko hapo?"

"Anakusikia."

"Adeer," kaka akasema. "Adeer, nilisema maneno mabaya. Nisamehe."

Fundi aliinamia simu. "Uliyasemea wapi?"

"Hapa hapa, pwani."

"Waliokusikia wapo?"

"Wapo wengi wao."

"Waambie."

Kaka hakubishana. Tukamsikia akipaza sauti juu ya kelele zote: "Waryaa! Nisikilizeni! Mnalikumbuka lori langu lilivyozima? Fundi hakukosea! Sili yake ilikuwa nzima! Ni dada yangu, yule mwalimu, aliiosha injini akaipaka sifa!"

Mtu akauliza, "Sifa ya mashua?" Mwingine akajibu, "Eh, ya mashua! Alitaka lielee!" Halafu kicheko kikapasuka, cha pwani nzima, kikaja ndani ya karakana kupitia kisimu changu kidogo. Mtu alikuwa anapiga sanduku. Sauti nzito ikaita, "Mwambieni Fundi na mimi nina gari!" Nikajua kwamba nitachekwa Kismayo mpaka nitakapokufa, na visiwani watanicheka hata baada ya hapo. Nilijiona mwepesi kama niliyetua dumu la maji.

Fundi alikuwa amenichukulia simu mkononi, ameiweka sikioni ingawa sauti ilikuwa nje, amefumba macho. Alikisikiliza kicheko kile mpaka kikaanza kupungua.

"Adeer," kaka akasema, "kesho asubuhi nakuletea lori ulitazame."

"Kesho Ijumaa," Fundi akasema. "Lete Jumamosi, na uje mapema, kutakuwa na foleni." Akaikata.